Jumamosi Niliyolifumua Shairi

Wengine huanza kumpenda mtu kwa macho. Mimi nilianza kwa masikio. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa akigeuza kurasa za kitabu polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu, na chumbani hapakuwa na aliyelala. Nilikuwa nasikia ule mkwaruzo mdogo wa karatasi, na moyo wangu unahama mahali pake.

Siku hizo nilikuwa na miaka ishirini na saba, nashona sare za shule katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama. Chumba chenyewe kilikuwa na cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, rafu ya vitambaa iliyoinama upande mmoja, na viti vinne visivyofanana hata kimoja. Kila Jumamosi saa kumi jioni nilikuwa nafunika cherehani kwa shuka, nafagia nyuzi na vipande, napanga viti, halafu rafiki zangu watatu wanakuja. Tulikuwa tunazungumza vitabu, mashairi na habari za watu. Nikisema kweli, habari za watu zilikuwa zinazidi.

Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Muuguzi, rafiki yangu tangu tukiwa darasa moja. Alikuwa akifanya kazi wodi ya watoto, ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Alipenda hadithi za upelelezi, na alikuwa anaanza na ukurasa wa mwisho.

"Kwa nini unajiharibia raha?" nilimuuliza siku moja.

"Raha gani? Wiki nzima nasubiri kujua nani atapona. Jumamosi nataka nijue kabisa nani kafa, nivue viatu, nisome kwa amani."

Wa pili alikuwa Mzee wa Posta, aliyesambaza barua miaka thelathini na kustaafu na makovu matatu ya meno ya mbwa. Mashairi yake yote yalihusu mbwa. Alikuwa na kitabu kimoja tu cha safari, kurasa zake za mwisho zimeng'oka zamani, na kila alipokimaliza alikuwa anajitungia mwisho mwingine. Kwa hesabu yake, yule msafiri alikuwa amekufa mara nne, ameoa mara sita, na mara moja amekuwa mfalme.

Na wa tatu ni yeye. Tulimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa. Alifanya kazi katika duka la miwani, anapima watu macho, anakaza skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Alikuwa mrefu, mpole, mikono yake safi siku zote. Wateja waliotaka miwani ya kusomea alikuwa anawapa karatasi ya kujaribia macho, na badala ya ile karatasi ya kawaida yenye maneno yasiyo na kichwa wala miguu, yeye alikuwa ananakili kipande cha hadithi tamu kwa herufi ndogo ndogo. Na kila mara alikikata pale mlango unapogongwa.

Mama yangu hakumtaka. Si kwa ubaya. Alisema, "Mwanamume asiyesema ni kabati lililofungwa. Hujui ndani mna nguo au mna panya. Yule hawezi kukusalimia mpaka ahesabu mizani kwanza."

"Mama, ni rafiki tu."

"Sijakuuliza."

Basi, tulikuwa na mchezo wetu. Kila mmoja alikuja na ubeti mmoja, umeandikwa kwa herufi kubwa, hauna jina, anautumbukiza katika kopo langu la vifungo. Unachotwa mmoja, unasomwa kwa sauti. Halafu mwenye zamu anaufumua, kama unavyofumua gauni lililokosewa: hapa pamelegea, hapa pamebana, huu uzi ni wa rangi nyingine. Sheria zilikuwa mbili. Mwenye shairi hakasiriki. Na mwenye shairi hajitaji mpaka Jumamosi ya pili yake. Sheria hizo nilizitunga mwenyewe, na ndizo zilizoniponza.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu.

Tulianza na maneno ya kawaida. Mzee alitueleza mbwa mpya wa jirani yake. Muuguzi alitusimulia mtoto aliyemeza kifungo, na wote wakanitazama mimi.

"Mbona mnanitazama? Vifungo viko dunia nzima!"

Kicheko kilipotulia, Muuguzi akamgeukia Miwani, jicho moja kalifumba. "Hebu niambie, kaka. Nasikia yule mwalimu wa darasa la kwanza, yule mwenye shingo ndefu, ameingia dukani kwako mara tatu wiki hii. Macho yake yana nini?"

Miwani akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Macho yake mazima," akasema chini huko.

"Mazima! Mara tatu!" Mzee akapiga goti lake. "Mimi nilipeleka barua nyumba moja mara tatu kwa wiki, na mwezi haukuisha wakaoana."

Nilicheka pamoja nao. Lakini mkono wangu ulichukua pini kutoka kwenye kijimto ukairudisha, ukachukua nyingine ukairudisha. Mwalimu yule nilimjua. Nilimshonea sketi mbili. Kiuno chake kilikuwa chembamba hata futi yangu ilinisuta.

Mzee akatia mkono koponi, akatoa karatasi, akaisogeza mbali na uso, akasoma:

*Nimekaa kwenye kiti, nikitazama mlango,*
*Moyo umepiga goti, umeyaacha maringo,*
*Neno langu halipiti, limekwama kwenye shingo,*
*Akiniuliza nani, nitamjibu ni yeye.*

Mzee akanipa ile karatasi, na nilipoiona tu nikaijua. Herufi zilisimama wima, zimepangana kama za kwenye ubao wa kupimia macho. Nani mwingine angeandika hivyo? Nikawaza: kumbe. Kumbe amekaa kwenye kiti dukani, anatazama mlango, na mwenye shingo ndefu anaingia.

Hasira ya wivu ni mbaya kwa sababu inakuja imevaa nguo za akili. Nilikaa sawa kwenye kiti changu, nikakohoa kidogo.

"Haya. Kwanza kabisa, huyu amekaa. Nauliza, mtu anayependa anakaa? Pili, aliyepiga goti ni moyo. Yeye mwenyewe bado yuko kitini! Amemtuma moyo kama watu wanavyotumana dukani. 'Nenda kanipigie goti, mimi nimechoka.'"

Mzee alicheka mpaka akashika meno yake ya bandia.

"Endelea," alisema Miwani.

Muuguzi alinikanyaga mguu. Nilidhani ni bahati mbaya.

"Tatu. Neno limekwama kwenye shingo. Huyo si wa kwetu sisi, huyo ni wa hospitali. Muuguzi yupo, alitoe. Na nne, ndiyo kubwa: anangoja aulizwe! Mtoto wa watu ashinde kazini, achoke, halafu aje amsimamie bwana huyu amuulize, 'Samahani, ni nani vile unayempenda?' Mimi nasema huyu hajapenda. Anatafuta mtu wa kumsemea."

"Na mizani?" aliuliza Miwani. Alikuwa ananitazama. Sijui kama aliwahi kunitazama moja kwa moja namna ile kabla ya siku hiyo.

"Mizani imetimia. Vina vimetulia. Ni shairi zuri la mtu mwoga."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei akaikubali. "Umelipima vizuri, Fundi." Akasimama, akakirudisha kiti chake chini ya meza, jambo alilofanya kila Jumamosi na hakuna mwingine aliyelifanya, akasema ana lenzi anataka kuimaliza. Ilikuwa haijafika hata saa kumi na moja na nusu.

Nilibaki na ushindi wangu mkononi, sijui pa kuuweka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naanika nguo uani nikasikia sauti ya Muuguzi kabla hajafika.

"Wewe! Wewe mwanamke! Weka hilo beseni chini!"

"Kuna nini? Hata salamu hakuna?"

"Salamu utaipata baadaye kama utastahili. Unajua ulichokifanya jana?"

"Nilifumua shairi. Zamu ilikuwa yangu."

"Ulimfumua mtu!" Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua kiatu kimoja akajipigia nacho kiganjani. "Lile shairi ni lako. Kaliandika kwa ajili yako. Kaja wodini Jumatano, kasimama baina ya vitanda vya watoto wanaolia, ananionyesha ile karatasi, ananiuliza, 'Atalipenda?' Nikamwambia atalipenda. Mimi! Nikamwapia sitasema neno mpaka Jumamosi ya pili, maana sheria zako hizo, na mimi nikiapa nimeapa. Lakini leo kiapo nimekitema, Mungu anisamehe."

Nilikuwa nimeshika shati la mama lililolowa. Maji yalinitiririkia mpaka kwenye viwiko, sikuyahisi.

"Na mwalimu je? Mara tatu?"

"Mwalimu nilimtaja kukuchokoza wewe! Nilitaka ushtuke, ujisaliti kidogo uso, naye aone. Sikujua ukishtuka unatoa mkasi." Akashusha sauti, na Muuguzi akishusha sauti ujue jambo ni zito. "Kuna na hili. Mwenye duka anafungua duka jingine, mji wa mbali, mwendo wa siku mbili. Anataka Miwani akalisimamie. Jibu anapewa kesho saa sita mchana. Miwani aliniambia, 'Akilipenda shairi, nitabaki. Asipolipenda, sina sababu ya kukaa mahali ambapo nimetazama mlango miaka miwili.'"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mama alikuwa ndani, na kijiko chake kilikuwa kinakoroga kitu kwa sauti. Kikaacha.

Usingizi usiku huo sikuuona. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya duka la miwani, nimevaa gauni nililolishona kwa ajili ya harusi ya mtu mwingine.

Duka lilikuwa limefunguliwa sasa hivi tu, sakafu bado ina maji ya deki. Miwani alikuwa nyuma ya meza ya kioo na bisibisi yake ndogo, anakaza mkono wa fremu. Kwenye kiti cha wateja alikaa bibi mmoja mfupi, miguu haifiki chini, ameshika ile karatasi ya kujaribia macho.

"Karibu," alisema Miwani, kwa sauti ya kumkaribisha mteja. Niliumia.

"Asante."

"Macho?"

"Hapana. Mdomo."

Bibi akanitazama juu chini. "Mdomo hautibiwi hapa, mwanangu."

"Najua, bibi. Lakini uliharibikia kwa huyu, acha nije niutengeneze kwake." Nikasogea mpaka kwenye kioo. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalikimbia, yakabaki yale mabovu. "Nililijua lile shairi ni lako. Herufi zako nazijua. Nilidhani la mwalimu."

Bisibisi ikasimama. "Mwalimu yupi?"

"Wa darasa la kwanza. Wa mara tatu."

Kwanza alinitazama tu. Halafu nikaona kitu kinaanza pembeni mwa mdomo wake, kinapanda, na yule mtu mpole akacheka mpaka akaegemea rafu. "Mwalimu anafuata hadithi! Ile karatasi ya kujaribia, nilikata pale mjane anapogongewa mlango. Siku ya pili akarudi anataka kujua nani aligonga. Nikampa kipande cha pili. Siku ya tatu karudi tena. Sasa ana miwani na hana tatizo lolote la macho."

"Hata mimi nimekuja kwa hilo hilo," alisema bibi. "Nani aligonga?"

"Subiri kidogo, bibi."

"Nina miaka sabini na nane. Usiniambie nisubiri."

Nikacheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko, sijui lipi lilitangulia. Miwani akaacha kucheka. Akaniuliza taratibu, "Na kama ungejua ni lako, ungesemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ilikuwa rahisi sana.

"Ningesema yale yale."

"Ee!" Bibi akajifunika mdomo kwa karatasi.

"Ningesema yale yale kwa sababu ni kweli. Umekaa. Miaka miwili umekaa kitini kwangu, unarudisha kiti, unakwenda zako. Na mimi nimekaa vilevile, nimejificha nyuma ya zamu na sheria, nacheka pale ninapotaka kulia. Ningekwambia ni shairi la mtu mwoga. Lakini ningekwambia huku nimekushika mkono, na ningekwambia tuko wawili."

Akaiweka bisibisi chini. Akaizunguka ile meza ya kioo, ambayo siku zote alikuwa nyuma yake, akaja upande wa wateja, akasimama mbele yangu. Nilisikia pumzi yake. Harufu yake ilikuwa ya sabuni na ya ile dawa ya kufutia vioo.

"Nakupenda," alisema. Sauti ilimkwama, akaivuta. "Tangu siku Mzee alipokuja suruali imeraruliwa na mbwa. Ulimcheka mpaka ukakaa chini. Halafu sisi wengine tulipoondoka nikageuka, nikakuona dirishani unaishona, Mzee amejifunga shuka ya cherehani. Hakuwa amekuomba. Niliwaza, huyu ulimi wake ni mlinzi tu, mwenye nyumba yuko ndani."

Nikashika ukingo wa meza ya kioo.

"Barua ya kukubali kwenda nimeshaiandika," aliendelea. "Iko kwenye droo."

"Mwambie asiende, wewe mtoto," alinong'ona bibi, kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

"Usi..."

"Usiniambie," alinikatiza. Hakuwahi kunikatiza maishani. "Usiniambie. Siendi. Hata ukinikataa sasa hivi siendi, nitabaki hapa hapa nikupende nikiwa nimesimama. Sitaki tena wewe ndiye unifanyie kazi yangu."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, mkono ule ule unaokaza skrubu kama mbegu ya ufuta. "Sikukatai," nilisema. "Nani akukatae?"

"Mungu wangu," alisema bibi, "hii tamu kuliko ile ya mjane."

Miwani akaitoa barua kwenye droo, akaigeuza, akaandika nyuma yake maneno mawili makubwa kwa zile herufi zake zilizonyooka: NINABAKI HAPA. Akaiweka chini ya mashine ya hesabu ya mwenye duka. Kisha akamalizia miwani ya bibi, maana bibi alikataa kuondoka bila miwani na bila kujua nani aligonga. Aliyegonga alikuwa mdogo wake yule mjane. Bibi alisikitika sana; alitarajia mchumba.

Saa saba mchana, wakati wa mapumziko, alikuja nyumbani. Miaka miwili alikuwa akipita mlango wa uani kuingia chumba cha kushonea. Siku hiyo alipita barabarani, watu wakimwona, akagonga mlango wa mbele, nikamfungulia.

Mama alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kochi, miguu yake ameinyoosha juu ya kiti pekee kilichobaki. Hakuitoa. Niliingia nyuma ya Miwani nikasimama ukutani kama mshtakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kuhama mji kwa sababu umekosolewa?"

Nikafumba macho. Kumbe dirisha la jikoni lilisikia yote.

"Nilitaka, mama. Sasa sitaki."

"Unamjua huyu mtoto wangu? Amezaliwa anakosoa. Tulimpa jina akalia siku tatu, tukalibadilisha ndiyo akanyamaza. Kila siku atakuta kitu. Shati lako, mwendo wako, namna unavyofunga mlango. Akikukosoa tena, utakwenda wapi?"

"Sitakwenda. Nitarekebisha, mama."

"Na kama kosa ni lake yeye?"

Miwani alinitazama, halafu akamtazama mama. "Nitamwambia."

"Kwa shairi?"

"Kwa mdomo, mama. Siku ile ile."

Mama akamkagua muda mrefu. Nje kulikuwa na mtu anapita anaimba bila kujua maneno. Nikawaza, kama akikataa, mimi nitasema nini, na nikajua kabisa nitakachosema, na kwamba safari hii sitacheka kwanza.

Mama akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akapangusa kile kiti kwa kiganja.

"Kaa basi," alimwambia. "Mtu aliyesimama hivyo, miguu itamuuma."